Matundu Mawili Si Stirio: Mwongozo wa Kununua Spika Nyepesi ya Gitaa la Kidijitali

Spika niliyonunua mwaka jana ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea waya nyuma yake. Moja limeandikwa 1, la pili 2, kila moja na kitufe chake cha kuzungushia sauti. Mbele, nyuma ya wavu mmoja, spika mbili za inchi 8 zimelala bega kwa bega. Nikamuuliza muuzaji, "Hii ni stirio, yaani kushoto na kulia kila upande na sauti yake?" Akajibu pasipo kusita, "Stirio kabisa, dada. Si unayaona hayo matundu mawili?" Nikalipa, nikaipakia kwenye bajaji, nikaenda nayo moja kwa moja kwenye harusi Sinza.

Nyimbo za taratibu zilipita salama. Tulipoingia kwenye sebene nikakanyaga pedali, ile mashine ya miguuni inayobadilisha sauti ya gitaa, kuwasha ile sauti pana ninayopigia solo, na gitaa likapotea. Halikunyamaza, lilikonda. Noti moja inatoka imejaa, inayofuata inazama kama imemezwa. Mpiga besi akanisogelea sikioni: "Dada, gitaa lako limeenda wapi?" Nikaongeza sauti. Noti zilizojaa zikazidi kupiga kelele, zilizozama zikabaki shimoni. Mwishowe nikachomoa waya wa kulia nyuma ya spika, nikabaki na wa kushoto peke yake. Gitaa likarudi palepale, zima, na mwili wake wote.

Tangu usiku ule sinunui spika ya gitaa wala simshauri mtu anunue kabla ya kujibiwa swali moja: sauti ya kushoto na ya kulia zinakutania wapi, ndani ya boksi au hewani? Mambo ya wati, inchi na rangi ya ngozi ya boksi utaambiwa na kila mtu. Hili hakuna anayekuambia, na ndilo linaloua gitaa jukwaani.

Nieleze kidogo, maana ukilielewa hutadanganywa tena.

Mashine za gitaa za siku hizi, iwe Line 6 HX Stomp, Quad Cortex, Kemper au hata Boss GT-1, zina njia mbili za kutolea sauti. Upana unaousikia kwenye hedifoni unatokana na tofauti ndogo kati ya njia hizo: upande mmoja unachelewa kidogo, au unayumba kidogo, au wimbi lake limegeuzwa. Masikio mawili yakipokea tofauti hiyo, ubongo unaisoma kama nafasi. Lakini njia mbili zikijumlishwa ndani ya waya kabla ya kufika kwenye spika, tofauti hiyohiyo inageuka vita. Wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, yanafutana.

Ile sauti yangu ya solo ilikuwa na dilei, yaani ucheleweshaji, ya milisekunde 12 upande wa kulia, ili ionekane kama magitaa mawili. Fanya hesabu yake uone. Ukijumlisha sauti na nakala yake iliyochelewa milisekunde 12, mawimbi yanafutana kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 42, 125, 208, 292, 375, 458 na kuendelea, kila baada ya hezi 83 hivi. Sasa weka kidole kwenye uzi wa kwanza, freti ya 4. Hiyo ni hezi 415, iko katikati kabisa ya mahali panapojaa. Sogea freti ya 6: hezi 466, umeangukia karibu kabisa na shimo. Freti mbili tu, na sauti ya msingi ya noti imezama. Hapo ndipo ulipo ule uzembe ambao wenzako watadhani ni wa mkono wako. Sikukosea kupiga. Boksi ndilo lililokuwa linachagua noti za kupitisha.

Na Roland walilijua hili zamani. JC-120, ampilifaya yao ya gitaa, ilipotoka mwaka 1975 waliiwekea ampilifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12. Kwenye korasi yake, yaani lile pambo la sauti linalofanya gitaa moja lisikike kama mengi, spika moja inatoa sauti iliyonyooka, ya pili inatoa sauti inayoyumba, na zinakutana hewani mbele yako. Ndiyo maana korasi ile inapendwa hadi leo. Tatizo lake ni uzito: kama kilo 28. Kwa anayepanda ngazi za ukumbi ghorofa ya tatu saa tisa usiku, kilo 28 ni adhabu.

Wepesi wa leo umetoka kwenye ampilifaya za daraja D na vyanzo vya umeme visivyohitaji transfoma nzito ya chuma. Huo ni ukombozi wa kweli kwa sisi tunaojibebea. Lakini wepesi huohuo umeleta utitiri wa maboksi, na mengi yanajumlisha ndani kimyakimya.

Jinsi ya kupima dukani, dakika tano tu

Beba pedali yako, nyaya mbili na gitaa. Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa simu ya muuzaji. Tengeneza sauti isiyo na madoido yoyote, igawe njia mbili, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Ya kulia ipe dilei ya milisekunde 1, iwe asilimia 100 ya dilei bila sauti ya awali. Chomeka nyaya zote mbili, sawazisha sauti, piga kodi.

Sauti ikiwa kama mtu anayeongea ndani ya bomba, usikimbilie kulaumu. Tembea. Sogeza kichwa kushoto, kulia, inama, nenda hatua tatu nyuma. Kama bomba hilo linabadilika kila unaposogea, sauti zinakutana hewani na unaweza kuendelea na mazungumzo ya bei. Kama liko vilevile popote unaposimama, zimejumlishwa ndani. Kisha chomoa waya wa kulia kwenye spika, siyo kwenye pedali. Sauti ikinenepa badala ya kupungua, umepata jibu lako. Funga begi, sema asante.

Jambo moja zaidi, maana nimeona vijana wanalifanya: usiunganishe njia mbili za pedali kwa waya wa Y ili ziingie kwenye tundu moja. Huko nako ni kujumlisha, tena unazilazimisha njia mbili kusukumana. Ukiwa na spika moja, tumia njia ya kushoto peke yake. Pedali nyingi, HX Stomp mojawapo, zimeandika hapo L/MONO (mono ni sauti ya njia moja), na zenyewe zinajumlisha upande wa pili ukiuacha wazi. Kwa hiyo kwa siku za spika moja tengeneza sauti za pekee, zisizo na upana wa bandia.

Sasa, mpangilio wangu

Namba moja kwangu ni Yamaha DBR10, na nasema ni mbili, si moja. Kushoto boksi lake, kulia boksi lake. Naipenda Yamaha na sifichi. Kila moja ina kilo 10.5, maana yake zote mbili ni kilo 21, na uzuri wa kilo hizo 21 ni kwamba zimegawanyika mikono miwili. Mwili unabaki wima. Kilo 21 kwenye boksi moja zinakuvuta bega, zinakupiga goti, na mlangoni unahitaji mtu wa kukufungulia.

Kwenye karatasi imeandikwa wati 700 za kilele, spika ya inchi 10. Wanaohesabu wati watasema ndogo. Mimi nimepigia harusi ya ukumbi mzima nayo nikiwa sijafika nusu ya kitufe, kwa sababu kazi yake jukwaani ni kunisikilizisha mimi na wenzangu. Ukumbi unahudumiwa na fundi mitambo kutoka kwenye tundu la nyuma linalopitisha sauti kwenda mbele. Kuna swichi inaitwa D-CONTOUR yenye hatua tatu: ya ukumbi, ya monita (spika ya wanamuziki kujisikia wenyewe), na kuzima. Ukiilaza spika sakafuni kama monita, besi inajazana kwa sababu ya sakafu, na gitaa linakuwa zito la ovyo. Weka kwenye monita, uzito unakatwa, gitaa linafunguka. Sakafu za mbao za majukwaa yetu zinavuma kama ngoma, na swichi ile imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa changu kingine chochote.

Kuna sababu ambayo haiandikwi kwenye karatasi yoyote: boksi mbili ni bima. Moja ikifa katikati ya shughuli, unachomoa, unahamia kushoto, mnaendelea. Bibi harusi hajui kitu. Mwenye boksi moja la stirio, likifa, amekufa nalo.

Halafu Yamaha huku kwetu zinajulikana. Makanisa yanazo, kumbi zinazo, fundi wa mtaani ameshazifungua. Siku ukitaka kuuza, simu itaita.

Namba mbili, na kama una pesa sitakuzuia, ni QSC K8.2 mbili. Kilo 12 na kidogo kila moja. Sauti yake ya juu ni safi kuliko DBR, hilo nalikubali bila ubishi. Na ina jambo ambalo kwa nchi zetu ni kubwa: chanzo chake cha umeme kinapokea volti 100 hadi 240 bila kugeuza swichi yoyote. Baadhi ya vifaa vilivyotumika vinavyofika Dar na Mombasa vimetoka Marekani, huko umeme ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Spika iliyowekwa kwenye 120 ukiichomeka hapa, ukiwa na bahati utapoteza fyuzi. Kabla hujachomeka kitu chochote kilichotumika, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme kwa macho yako mwenyewe, usikisome kwa mdomo wa muuzaji. Ninachokishikia QSC ni kwamba ina feni ndani. Kwenye harusi hutaisikia. Ukirekodi chumbani usiku na maikrofoni mbele ya gitaa la nyuzi za nailoni, utaitambua.

Namba tatu ni kwa anayesema, "Mimi nataka boksi moja, basi." Sawa. Chukua Line 6 Powercab 212 Plus. Hii ni stirio ya kweli: spika mbili za inchi 12, kila moja na ampilifaya yake ya wati 250, kushoto haikutani na kulia ndani. Ina uwezo wa kuiga spika mbalimbali za gitaa, na hapo kuna mtego. Ukiwasha uigaji wa spika kwenye Powercab, zima ule wa kwenye pedali. Ukiacha yote mawili, umevalisha gitaa makoti mawili kwenye joto la Desemba, litatoka zito na limezibwa.

Lakini hata kwenye stirio ya kweli ndani ya boksi moja, nakuomba ulielewe jambo la umbali. Spika hizo mbili zimeachana, tuseme, sentimita 35 kati kwa kati. Ukisimama mita 4 mbele yake, pembe kati ya kushoto na kulia ni digrii 5 hivi. Stirio ya kusikiliza inataka karibu digrii 60, yaani wewe na spika mbili mfanye pembetatu ya pande sawa. Kwa hiyo boksi moja la spika mbili za inchi 12 linakupa sauti iliyonenepa, yenye hewa, na korasi yake ni tamu kama ya JC. Ila ile dilei inayoruka kushoto na kulia utaisikia ikirukaruka mahali pamoja. Ukitaka upana wa kweli, tenganisha maboksi. Mimi naweka DBR zangu mita 2 zikiwa zimeachana, nami nasimama mita 2 nyuma ya mstari wake, zimenielekea. Nikipiga korasi pale, natamani usiku usiishe.

Nikiwa hapo niitaje Roland JC-40. Ina spika mbili za inchi 10, inapokea stirio halisi kutoka kwenye pedali, uzito karibu kilo 16. Siyo spika ya kutoa kila sauti ikiwa imenyooka kama zile nyingine, ina tabia yake ya Roland, inang'aa. Kwa anayepiga rumba na zilipendwa kwa sauti safi bila kukwaruza, inaweza kuwa yote anayohitaji maishani. Kwa anayetaka sauti kumi tofauti za ampilifaya kutoka kwenye pedali, hapana.

Fender Tone Master FR-10 na FR-12 zilitoka 2023, zina wati 1000, zina vitufe vya besi, kati na juu kama ampilifaya ya kawaida, na zinapendeza macho. Ninachoziheshimia ni ukweli wake: tundu moja la gitaa, spika moja, hakuna anayejifanya stirio. Unataka stirio, nunua mbili. Nimeipiga FR-12 ya rafiki yangu mchana mmoja mzima na mkono ulijisikia nyumbani, kwa sababu vitufe vile unavigeuza kwa mkono bila kuinama kwenye skrini ya pedali. Ila bei ya mbili hizo, kwa ninavyoona zinavyouzwa huku, inakaribia QSC mbili, na QSC utazikodisha hata kwa semina.

Headrush FRFR-108 ndiyo inayonunuliwa zaidi na vijana wanaoanza. Chini ya kilo 9, sauti kubwa kwa umbo lake. Ina matundu mawili na spika moja, kwa hiyo hesabu unaijua sasa: ni mono, matundu ni ya kuchanganyia vyombo viwili. Ukinunua mbili, vizuri. Ukinunua moja, waya mmoja.

Bose S1 Pro nimeitumia kwenye mazoezi umeme ulipokatika. Kilo 7.1, betri ndani, chaji inadumu hadi masaa 11 kwa maelezo yao. Kwa kupigia ufukweni au kwenye boma la kijijini ni baraka. Mbele ya ngoma kubwa, isahau.

Za bei ya chini kabisa, zile zenye taa za rangi, rimoti na maikrofoni mbili za bure, si za gitaa. Nisikudanganye.

Sasa niseme na wauzaji

Ndugu zangu, mnatuumiza. Nimepitia kurasa za maduka ya vyombo vya muziki wiki nzima kuandaa mwongozo huu. Picha nzuri, maneno matano, halafu: "Bei njoo inbox." Kwa nini bei iwe siri? Spika siyo mahari. Ukiingia inbox unaulizwa kwanza uko wapi na unapigia bendi gani, na bei unayopewa inafuata jibu lako. Nilimpa rafiki yangu wa kiume aulize spika ileile, duka lilelile, siku ileile. Akatajiwa bei ya chini. Mimi nikaongezewa na swali: "Dada, ni ya zawadi ya mumeo?" Nina miaka kumi na sita nikiishi kwa gitaa hili.

Na hizi wati. Boksi linaandikwa wati 2000 kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, na hakuna anayemwambia mteja kwamba hizo ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua, si za kudumu. Nikiuliza za kudumu ni ngapi, nakodolewa macho. Nikiuliza matundu mawili yanajumlishwa au yametengana, naambiwa "yote yapo". Mtu anaweka akiba miezi minane kwa shughuli za Jumamosi, anakuja kwako akiamini unajua unachokiuza. Soma kijitabu kinachokuja kwenye boksi. Kiko humo humo, ukurasa wenye mchoro wa njia za sauti. Mistari miwili ikikutana kwenye duara lenye alama ya kujumlisha kabla ya ampilifaya, mwambie mteja: hii ni mono. Atainunua bado kama ni nzuri. Mimi ningeinunua kwa kazi nyingine.

Kwa upande wetu wanunuzi, omba kijitabu hicho kabla ya kulipa, na kama boksi limefunguliwa na kijitabu hakipo, kitafute kwenye tovuti ya kampuni ukiwa bado umesimama dukani. Mchoro huo haujifichi. Uliza pia kuhusu kurudisha, na waandike kwenye risiti, siku ngapi na kwa sababu zipi. Mimi niliporudi na boksi langu nilionyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kilikuwa nyuma ya mlango uliofunguliwa.

Wengine wataniuliza, kumbi zetu karibu zote zimefungwa mono, stirio ya nini? Ni kweli. Fundi mitambo akichukua sauti yangu kwenda ukumbini, nampa upande wa kushoto tu, ambao nimeutengeneza uweze kusimama peke yake. Hata akinipa njia mbili kwenye miksa, aliyekaa meza ya pembeni anasikia upande wake tu. Stirio ni ya jukwaani. Ni ya mimi, mpiga ridhimu na mpiga besi tunaposikilizana. Mpiga gitaa anayesikia nafasi kuzunguka noti zake hapigi noti nyingi, anaziacha zipumue, na wanaocheza wanaona tofauti hata kama hawajui imetoka wapi.

Lile boksi langu nililiuza mwezi wa pili kwa kwaya moja ya Mbagala, walikuwa wanatafuta monita ya waimbaji. Nililibeba mwenyewe hadi kanisani, nikachomeka maikrofoni tundu la kwanza, kinanda tundu la pili, nikawaonyesha kwamba yote mawili yanaishia pamoja. Mwalimu wa kwaya akauliza kama ni stirio. Nikamwambia hapana, ni mono, na bei nimeipanga kwa hesabu hiyo.